Jinsia ya Mungu katika Nomino na Viwakilishi: Kiebrania na Kiswahili cha Biblia

Makala haya yanakusudia kuchunguza dai moja ambalo husikika mara kwa mara katika semina za fasihi na za dini, nalo ni kwamba mjadala wa jinsia ya Mungu ni mjadala wa Kizungu usiotuhusu. Wanaolishikilia dai hili huleta ushahidi wa kisarufi. Kiingereza, wanasema, kina kiwakilishi cha mume na kiwakilishi cha mke, na kwa hivyo kila anayemtaja Mungu kwa Kiingereza hana budi kumchagulia upande. Kiswahili hakina. Sisi twasema “yeye”, twasema “akamwambia”, twasema “mkono wake”, na hakuna msikilizaji awezaye kujua kutokana na maneno hayo pekee kama anayezungumziwa ni mwanamume au mwanamke. Basi ugomvi uliowashughulisha Wamarekani tangu miaka ya 1970 ulikwisha tatuliwa na lugha yetu kabla haujazuka.

Dai hili ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayolipa nguvu ya kupotosha. Tasnifu yetu ni kwamba Kiswahili hakikuiondoa jinsia katika maandiko ya Biblia, kiliichuja. Maadamu jinsia katika lugha yetu haibebwi na viambishi wala viwakilishi, ni ile tu iliyobebwa na nomino, au na maana ya neno lenyewe, ambayo imeweza kuvuka kutoka Kiebrania hadi kwetu. Sasa, katika Biblia ya Kiebrania picha za kiume za Mungu zimebebwa kwa wingi na nomino: baba, mfalme, mume, mtu wa vita. Picha za kike, ukiacha tashbihi chache, aghalabu zimebebwa na sarufi: miishio ya vitenzi, viwakilishi, upatanisho. Chujio letu limezuia hizi na kuziachilia zile. Kwa hivyo msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake inasifiwa kwa kutobagua, amepokea Mungu aliyepungukiwa na sura za kike kuliko yule wa matini asilia.

Tunazungumzia matini hasa. Mungu alivyo nafsini mwake ni suala la wanateolojia, nasi hatuna la kuongeza hapo. Tafsiri tutakazozirejelea ni mbili: ile ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyolea Kiswahili cha makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Kenya na Tanzania, na Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990.

Mjadala wenyewe unajulikana, nasi hatutaurefusha. Mary Daly, katika kitabu chake cha 1973, alisema kwamba Mungu akidhaniwa kuwa mwanamume, mwanamume naye hujipatia uungu. Phyllis Trible (1978) hakutaka kuitupa Biblia. Aliisoma upya kama mhakiki wa fasihi, akatafuta humo sauti zilizokuwa zimefunikwa na mazoea ya wasomaji. Mwaka 1983 Baraza la Taifa la Makanisa la Marekani lilianza kuchapisha masomo ya ibada yaliyojaribu kuepuka viwakilishi vya kiume kwa Mungu, na yakazua ghadhabu. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1989 chini ya baraza hilo hilo ilisahihisha lugha inayowahusu binadamu, lakini ikamwachia Mungu kiwakilishi chake cha kiume. Huo ndio ugomvi tunaoambiwa kuwa hautuhusu.

Kwa Wayahudi suala hili ni gumu zaidi, kwa sababu Kiebrania hutofautisha jinsia hata katika nafsi ya pili. Anayemwambia mwanamume “wewe” husema *atta*. Kwa mwanamke husema *at*. Na si “wewe” tu, kitenzi nacho hubadilika. Baraka za kila siku za Kiyahudi humhutubia Mungu kwa *atta*. Maimonides, katika karne ya 12, alisisitiza kwamba Mungu hana mwili wala mfano wa mwili, na hivyo hawezi kuwa na jinsia. Lakini Maimonides aliposimama kusali alisema *atta* kama wenzake. Falsafa haikuipa sala kiwakilishi kingine. Mwaka 1976 wanawake wawili wa Marekani, Naomi Janowitz na Margaret Wenig, walitayarisha kitabu cha sala kilichomhutubia Mungu kwa lugha ya kike. Marcia Falk (1996) alikwenda njia nyingine: aliiacha nafsi ya pili kabisa, akaanza baraka zake kwa kitenzi cha “sisi”, yaani na tubariki. Uamuzi wa Falk wafaa kuzingatiwa na sisi wa Kiswahili, kwa kuwa hakuona kuwa kugeuza kiambishi kunatosha. Alitambua kwamba baada ya *atta* huja pia mfalme na bwana, na kwamba hao hawaondoki kwa kubadilisha kiwakilishi.

Kabla ya kwenda mbali ni haki kukiri kile ambacho Kiswahili hukifanya, kwani si kweli kwamba sarufi yetu haina teolojia. Ina teolojia yake. Tofauti ni kwamba haiulizi mume au mke, huuliza mtu au kitu. Nomino “Mungu” kwa umbo ni ya ngeli ya M-MI, na wingi wake ni “miungu”. Lakini Mungu mmoja huchukua upatanisho wa ngeli ya watu: Mungu alisema, Mungu wangu. Miungu wa mataifa wanabaki katika ngeli yao ya mti na mito, na Union Version husema “miungu mingine”. Kiebrania hupata athari kama hiyo kwa njia tofauti, pale *elohim*, neno lenye umbo la wingi, linapochukua kitenzi cha umoja likimaanisha Mungu wa Israeli. Mfasiri wa Kiswahili hakulazimika kuongeza hata neno moja la kuikana miungu. Ngeli ilimfanyia kazi hiyo.

Vivyo hivyo kwa roho. Katika Mwanzo 1:2 Union Version ina “Roho ya Mungu” yenye upatanisho wa ngeli ya N. Katika Mathayo 3:16 ina “Roho wa Mungu”, mwenye upatanisho wa mtu. Na katika mwanzo wa Injili ya Yohana, “Neno”, ambalo mahali pengine ni la ngeli ya LI-YA, linachukua kiambishi *a-*. Mfasiri amesoma Agano la Kale kwa ngeli moja na Agano Jipya kwa ngeli nyingine, na kwa tofauti ya *ya* na *wa* ameandika mafundisho ya Utatu. Huu ni ufundi mkubwa. Hata hivyo tuangalie kile kilichopotea katika mstari huo huo wa Mwanzo. *Ruach*, roho au upepo, katika Kiebrania aghalabu ni neno la kike, na kitenzi chake katika Mwanzo 1:2, *merachefet*, kina mwisho wa kike. Mzizi wake unaonekana tena katika Kumbukumbu la Torati 32:11, panapoelezwa tai aliye juu ya makinda yake.

Hapa mpinzani wetu atasema, na kwa haki, kwamba jinsia ya kisarufi si jinsia ya maumbile. *Yad*, mkono, ni neno la kike katika Kiebrania, na hakuna anayedhani kuwa mikono ya wanaume ni wanawake. Jerome aliliona hili mapema: roho, alieleza katika ufafanuzi wake wa Isaya, ni ya kike kwa Kiebrania, ya kiume kwa Kilatini, na si ya upande wowote kwa Kigiriki, ili tujue kwamba uungu hauna jinsia. Hoja ni nzuri. Lakini historia ya Kisiria yaonyesha kwamba sarufi haikukaa kimya. Sebastian Brock amethibitisha kwamba waandishi wa mwanzo wa Kikristo wa Kisiria, ambao kwao *ruha* lilikuwa neno la kike, walimsawiri Roho kwa taswira za mama. Na kwamba tangu karne ya 5 hivi neno hilo lilianza kupewa upatanisho wa kiume lilipomhusu Roho Mtakatifu, kinyume cha kanuni ya lugha yenyewe. Kama sarufi haikuwa na maana yoyote, kwa nini ilihitaji kuvunjwa?

Mfano wa pili ni mdogo lakini wa kushangaza. Katika Hesabu 11 Musa analalamika kwa Mungu juu ya mzigo wa watu. Anauliza kama ni yeye aliyechukua mimba yao, kama ni yeye aliyewazaa, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi abebavyo kitoto kinyonyacho. Swali hilo laelekeza kidole: aliye mama wa watu hawa si mimi. Na katika mstari wa 15 Musa anamwambia Mungu *at*, umbo la kike la “wewe”. Rashi, mfafanuzi mkuu wa karne ya 11, aliliona umbo hilo, akaeleza kwamba nguvu za Musa zilimwishia kama za mwanamke. Yaani alihamisha uke kutoka kwa anayehutubiwa hadi kwa anayehutubu. Wanasarufi husema ni umbo fupi tu la *atta*, na kwa hakika linapatikana kwingine kwa mwanamume. Hatuna haja ya kuamua. Tunalosema ni kwamba msomaji wa Kiebrania ana swali la kujiuliza, na Rashi ni shahidi kwamba waliulizana. Msomaji wa “wewe” hana swali lolote.

Lakini hasara kubwa zaidi imo katika Mithali, na inashangaza kwamba haijazungumzwa vya kutosha. Hekima, *chokhma*, ni mwanamke katika sura za 1, 8 na 9 za kitabu hicho. Anaita njiani, alikuwako kabla ya milima, alikuwa kando ya Mungu alipoumba. Wahakiki wengi wameona kwamba hapo ndipo Biblia ya Kiebrania inapokaribia zaidi kumpa Mungu sura ya kike. Na uke wa Hekima waonekana hasa katika sarufi: vitenzi vya kike, viwakilishi vya kike, sentensi baada ya sentensi. Mahali pachache hubebwa na nomino, kama pale kijana anapoambiwa katika 7:4 amwite Hekima dada yake.

Sasa tusome sura ya 9 kwa Kiswahili. Sura hiyo imejengwa kama pacha. Upande mmoja Hekima anajenga nyumba, anaandaa meza, anawaita wapitao. Upande wa pili yupo mpinzani wake, anayekaa mlangoni na kuwaita wapitao wale wale kwa maneno yanayokaribia kufanana. Kishairi, nguvu yote ya sura imo katika ulinganifu huo: wanawake wawili, nyumba mbili, karamu mbili. Lakini mshairi wa Kiebrania hakuhitaji kumtaja Hekima kuwa mwanamke, kwa kuwa kila kitenzi kilimtangaza. Ilhali mpinzani wake alimwita wazi kwa nomino *eshet*, mwanamke wa upumbavu. Union Version imefuata matini kwa uaminifu. Hekima amepewa kiambishi *a-* cha nafsi, na hilo ni jambo la kusifiwa, lakini hana jinsia. Upumbavu umekuja na neno lake, ukaitwa mwanamke mpumbavu. Hivyo basi, katika Kiswahili, Hekima ni nafsi tu, na anayeitwa mwanamke ni Upumbavu peke yake.

Hatumlaumu mfasiri kwa taasubi ya kiume. Hakuongeza neno wala hakupunguza, na hilo ndilo linalotisha. Uaminifu wa neno kwa neno, ukipita katika lugha isiyo na jinsia ya kisarufi, umezaa sura yenye ubaguzi ambao haumo katika asili yake, na mfano huu mmoja unatosha kulitikisa lile dai tulilolianzia.

Zipo picha za kike zilizovuka, nazo ni za Isaya hasa: Mungu apigaye kelele kama mwanamke mwenye utungu (42:14), Mungu aulizaye kama mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye (49:15), Mungu afarijiye kama mama (66:13). Zimevuka kwa sababu zimebebwa na nomino. Lakini hizi ni tashbihi au milinganisho, na tashbihi hudumu kwa muda wa mstari mmoja. Baba, Mfalme na Bwana ni sitiari zilizokwisha kuwa vyeo, hazihitaji “kama”. Mtu husali kwa cheo, hasali kwa tashbihi. Linganisha pia Kumbukumbu la Torati 32:18, palipo na vitenzi viwili, cha pili kikiwa ni cha mwanamke anayejinyonga kwa uchungu wa uzazi. Kiswahili kina “kuzaa”, kinachomfaa baba na mama, na kina “kujifungua”, kisichomfaa baba hata kidogo. Mfasiri anayetumia “kuzaa” mara zote mbili hajakosea. Amechagua tu kitenzi kinachomruhusu msomaji asione mama.

Tukija kwa “Bwana” tunakuta mambo mazito zaidi. Jina la Mungu la herufi nne, ambalo Wayahudi hawalitamki, hutokea zaidi ya mara 6,800 katika Biblia ya Kiebrania. Wasomaji walisema *Adonai* mahali pake, Wagiriki wakaandika *Kyrios*, na Union Version ikaweka BWANA kwa herufi kubwa. Jina lenyewe si neno la kawaida la kumtajia mwanamume. Laelekea kutokana na kitenzi cha kuwa. Bwana, kwa upande wake, ni mwanamume bila shaka yoyote. Ni mwenye mali, ni mwajiri, ni mume: mke husema “bwana wangu” akimaanisha aliyemwoa. Katika Kenya ya ukoloni lilikuwa pia neno la mtumishi kwa mzungu, na tafsiri ya 1952 ilitoka mwaka ule ule hali ya hatari ilipotangazwa. Kiwakilishi “yeye” kikija baada ya nomino hiyo hakina uhuru wowote. Msikilizaji amekwisha kuambiwa yeye ni nani.

Katika Hosea 2:16 Mungu anaiambia Israeli kwamba siku yaja itakapomwita *ishi* na si *baali* tena. Maneno yote mawili ni ya mume. Lakini *ish* ni mwanamume kwa mkewe, na *baal* ni mume kwa maana ya mwenye mali, mmiliki, mkuu wa nyumba, mbali na kuwa jina la mungu wa Kanaani. Ukitafuta neno la Kiswahili lenye upana wa *baal*, yaani mmiliki, mkuu na mume kwa pamoja, hulipati ila moja, nalo ni bwana. Mungu anakataa kuitwa hivyo, na kitabu chote kinamwita hivyo.

Ndiyo maana uamuzi wa Habari Njema unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko ulivyoangaliwa. Tafsiri hiyo haikuweka Bwana mahali pa jina la herufi nne, iliweka “Mwenyezi-Mungu”. Hatudai kwamba watafsiri walikuwa na suala la jinsia akilini. Lakini kwa badiliko hilo moja, nomino ya kiume iliyorudiwa kuliko nyingine zote katika Agano la Kale iliondoka, na pakaingia nomino isiyo na mume wala mke. Hapo, na hapo tu, ndipo kiwakilishi “yeye” kinapoanza kuwa kile kinachosifiwa kuwa nacho. Kuna watakaosema kwamba “Mwenyezi” limebakiza ukuu na mabavu yale yale. Kweli, lakini hilo ni suala la pili, na Sallie McFague (1987) amelijadili kwa kirefu katika uhakiki wake wa sitiari za ufalme.

Isidhaniwe kwamba lugha zote za Kenya zimo katika hali ya Kiswahili. Kimaa kina jinsia ya kisarufi, na Enkai, jina la Mungu linalomaanisha pia mvua na mbingu, lina kiambishi cha kike. Mmaasai anayesoma Biblia kwa lugha yake hukutana na tatizo lililo kinyume na letu, na ingefaa mtafiti mwenye Kimaa alichunguze.

Neno moja limevuka kimyakimya. Trible alijenga sura nzima juu ya uhusiano wa *rechem*, tumbo la uzazi, na *rachamim*, huruma, akisoma hasa Yeremia 31:20. Kiswahili hakikulitafsiri neno hilo. Kilikuwa nalo tayari. “Rehema” imetujia kutoka Kiarabu, ambamo mzizi huo huo una tumbo la uzazi na huruma pia. James Barr (1961) alikwisha kutuonya tusidhani kwamba msemaji husikia mzizi kila anapotamka neno, na hakuna Mswahili asikiaye tumbo la uzazi katika rehema. Anachosikia ni jina la mwanamke, maana Rehema ni jina la mabinti.

Tukirudi kwa Hekima, swali ni kama Kiswahili kina njia ya kumrudishia jinsia yake bila ya kuongeza maelezo. Tunaamini kinayo, na imo katika neno ambalo makanisa hulitumia kila Jumapili. Katika “Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu” nomino yenye jinsia ni moja tu. Mwana ni mtoto, awe wa kiume au wa kike. Tunajua kwamba Yesu alikuwa mwanamume kwa sababu tumeambiwa kwingine, na hakuna Mkristo aliyewahi kulalamika kwamba sarufi imemnyima uume wake. Lakini katika Kiswahili cha Lamu na Pate, Mwana ni pia lakabu ya heshima ya mwanamke wa nasaba. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake katikati ya karne ya 19, hakuitwa hivyo kwa utoto wake. Na utendi huo, kama sura za mwanzo za Mithali, ni wasia wa mzazi kwa mtoto. Ila hapa anayeusia ni mama, na anayeusiwa ni binti.

Mfasiri wa Mithali 9 angeweza kuandika Mwana Hekima, au Bi Hekima kwa wasioijua lakabu ya kaskazini, katika mstari wa kwanza tu. Vitenzi vyote vinavyofuata, hadi mwanamke wa pili anapotokea mlangoni pake, vingebaki kama vilivyo.